Andikeni Hata Siku Isiyo na Jambo

(Mazungumzo na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na vikundi vya akina mama, ukumbi wa parokia, Voi)



Tuliombwa tuje tuwafundishe kuandika ripoti. Tumekaa tukafikiri, tukaona tuzungumze juu ya jambo dogo kuliko ripoti, nalo ni kuandika siku moja. Hatusemi siku ya Askofu kuja kutoa Kipaimara, wala siku ya harambee. Siku hizo zina wapiga picha wake. Twasema ile siku ambayo jioni ukiulizwa, "Leo kulikuwa na nini?" wajibu, "Ah, hakuna."

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana si vizuri kuwafundisha watu kwa makosa ya wengine.

Miaka michache iliyopita ndovu waliingia katika shamba la familia moja upande wa Sagalla. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, na pojo zilikuwa zimeanza kuweka maganda. Asubuhi hapakubaki kitu, hata tangi la maji lilipasuliwa. Tuliitwa kusaidia kujaza fomu ya fidia. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika 2014, iliweka wazi kwamba mtu aweza kudai akiharibiwa mazao au mali, akijeruhiwa, au akiuawa ndugu yake. Kwa kifo iliandika shilingi milioni 5. Lakini kudai ni kujibu maswali. Ilikuwa tarehe ngapi? Baba akasema usiku wa kuamkia Jumatano. Mama akasema hapana, Jumatatu, kwa sababu siku iliyofuata alikwenda kliniki na mtoto. Saa ngapi? Ndovu wangapi? Mistari mingapi ya mahindi? Kila mtu alikuwa na jibu lake, na wote walikuwa wakisema kweli kama walivyoikumbuka.

Tukasema moyoni, si kitu, sisi tuliwatembelea wiki ile ile, kitabu chetu cha ziara kitatuambia. Tukakifungua. Kimeandikwa: "Ziara Sagalla. Familia 4. Hali ni nzuri."

Hali ni nzuri! Na siku hiyo yule mama alikuwa ametusindikiza mpaka kwenye mti wa njiani, akatuonyesha nyayo za ndovu karibu na ua wake, akasema, "Wamekuja kuchungulia." Tulitazama, tukasema pole mama, tukaenda zetu. Ziara yetu ilikuwa ya karo ya mtoto, kwa hiyo ndovu hawakuwa katika ajenda. Fomu tuliijaza kwa kukisia. Ikarudi, kwa kuwa tarehe yetu haikulingana na ile iliyokuwa katika kitabu cha matukio cha polisi, hicho twakiita OB. Familia ile ilianza upya safari za ofisini, nauli juu ya nauli, kwa sababu ya mstari mmoja ambao hatukuuandika.

Sisi wa Taita Taveta twajua tunaishi wapi. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo, na hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilikuta ndovu karibu 15,000 katika eneo zima la Tsavo. Kwetu, ndovu kupita usiku si habari. Ndiyo maana hatuandiki, na ndiyo maana siku ya kuulizwa hatuna la kusema.

Sasa, huko huko Sagalla kuna watu waliotutangulia. Mnaifahamu ile miradi ya kuzungushia mashamba mizinga ya nyuki, iliyoletwa na shirika la Save the Elephants. Ndovu akigusa waya, mizinga yatikisika, nyuki watoka, naye hapendi kuumwa machoni na ndani ya mkonga. Mwaka 2024 walitoa matokeo ya miaka tisa. Katika misimu ya mazao, mizinga ilizuia mpaka asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Wengi waliosikia habari hiyo walishika hilo la asilimia 86. Sisi tulishika jambo jingine. Katika hesabu yote, ndovu waliokaribia mashamba walikuwa karibu 4,000, na karibu robo yao walipita! Hata hao waliopita waliandikwa. Ukame wa 2017 ulipokuja, nyuki wengi wakahama mizinga, na hilo pia liliandikwa. Yaani kulikuwa na watu walioamka asubuhi, wakahesabu nyayo, wakaandika "usiku wa jana tumeshindwa," wakaenda kunywa chai. Kama wangeandika usiku wa ushindi peke yake, nani angewaamini leo?

Basi tukarudi ofisini tukaamua: kila mmoja wetu aandike siku moja nzima. Tena siku hiyo tuichague kabla haijafika, ili mtu asije akasubiri siku nzuri. Huko Uingereza, mwaka 1937, kulikuwa na kundi lililoitwa Mass-Observation. Waliwaomba watu wa kawaida, makarani na akina mama wa nyumbani, waandike kila walichofanya tarehe 12 ya mwezi. Hawakuuliza kama tarehe 12 ina jambo. Tukasema, nasi tuchukue 12.

Hebu tuwasomee jinsi ilivyokuwa. Tumeunganisha madaftari yetu matatu, na majina ya watu tumeyaondoa.

"Saa 11:40 alfajiri. Bomba ni kavu, siku ya tatu. Pipa la bluu limebaki robo. Tumeoga kwa kikombe.

"Saa 1:30. Pikipiki ya ofisi imekataa kuwaka. Tumeisukuma mpaka kwa fundi. Fundi asema plagi. Wiki iliyopita pia alisema plagi.

"Saa 2:15. Tumemkuta bibi kizee ameketi mlangoni. Amefika tangu saa 12. Ataka barua ya kumtambulisha hospitalini. Barua tumeiandika, lakini muhuri umo kabatini, na ufunguo wa kabati uko mfukoni mwa mwenzetu aliyepanda gari la Wundanyi asubuhi. Tumempa bila muhuri.

"Saa 4:00. Mkutano wa kikundi cha akiba. Hakuna mtu.

"Saa 5:10. Watu 6 kati ya 22. Mtoto amemwaga chai juu ya kitabu cha akiba, kurasa mbili zimeungana. Mweka hazina hakuja. Wasema ana mgonjwa. Mama mmoja hakusema kitu, ametazama chini.

"Saa 8:00. Ugali na mchicha. Tumemkaripia kijana wa mradi wa mbuzi kwa sababu ya risiti, mbele ya watu. Risiti zilikuwa sawa, sisi ndio tuliosoma vibaya. Hatukumwomba radhi, ameondoka.

"Saa 10:20. Mvua ya dakika tano hivi. Vumbi limenukia, watu wametoka madukani kutazama.

"Saa 11:45. Bibi amerudi. Barua isiyo na muhuri haikupokelewa. Alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu.

"Saa 3:00 usiku. Bomba limetoa upepo, halafu maji ya kahawia, halafu limenyamaza."

Mnacheka. Nasi tulicheka, mpaka tulipofika kwa bibi. Angalieni, siku hiyo ingeingia vipi katika ripoti yetu ya mwezi? "Mkutano wa kikundi ulifanyika, wanachama 6. Barua za kutambulisha, 1." Hakuna uongo hapo, wala hakuna kitu. Yule bibi aliyetembea mara mbili kwa sababu ya ufunguo wetu hayumo kabisa. Yeye amekuwa "1".

Ufunguo sasa una msumari wake ukutani nyuma ya mlango. Kijana wa mbuzi tulimfuata siku ya pili. Alitupokea vizuri, ingawa tangu siku hiyo huleta risiti zake kwa mkono ulionyooka, kama mtu anayelisha mbwa asiyemjua. Hilo tumelistahili.

Lakini mstari uliotusumbua zaidi ulikuwa ule wa "ametazama chini." Mwenzetu aliyeuandika hakujua maana yake, aliuandika kwa kuwa aliuona. Tulipousoma kwa pamoja Ijumaa, mmoja akauliza, "Alitazama chini kwa nini?" Tukafunga safari kwenda kwa mweka hazina. Kweli alikuwa na mgonjwa, mumewe. Na kweli pesa za kikundi, shilingi 14,000, zilikuwa zimekwenda kwa dawa. Alikuwa amekaa wiki tatu hatoki nje, hata kanisani haji, akingoja siku ya kufunguliwa sanduku. Yeye mwenyewe ametukubalia tuliseme hili leo, akasema tu jina lake liwekwe kando.

Kikundi kilikaa. Kelele hazikukosekana, na akina mama wawili walijitoa. Waliobaki walikubali alipe kidogo kidogo. Hajamaliza. Mwezi mwingine alipa, mwingine hana. Hatuwezi kuwaambia kwamba jambo hili limekwisha vizuri, kwa sababu halijakwisha. Lakini tukijua desturi ya vikundi vyetu, sanduku lingefunguliwa Desemba, mbele ya watu wote, na mama huyo angehama mtaa.

Kuna wanaotuuliza, je, huku si kuchunguza watu? Swali hilo ni la haki, na lazima tujibu. Daftari la siku ni la kuandika uliyoyaona na uliyoyatenda wewe. Ukikuta unaandika "fulani ni mlevi," weka kalamu chini. Hukuona ulevi, uliona mtu ameanguka njiani saa 7 mchana, na huenda ana kisukari. Majina ya watu wenye shida yasiandikwe. Daftari lisiachwe juu ya televisheni. Na lisisomwe katika Jumuiya bila idhini ya mwenye jambo. Tumewahi kuona Jumuiya ikivunjika kwa karatasi moja tu iliyookotwa.

Wengine wanasema hii ni kazi ya wasomi. Hapana. Mtaalamu wetu mkubwa ni mama wa Sagalla, jirani wa ile familia tuliyoanza nayo. Alisoma mpaka darasa la nne, na huandika nyuma ya daftari kuukuu la mtoto wake. Tulimwomba atusomee ukurasa wowote, akafungua tu katikati: "Ndovu 3, saa nne usiku, mzinga wa saba umetikiswa, wamerudi. Mbuzi mweupe hakula. Nadaiwa chumvi dukani 30. Nimemsema mwanangu bure." Ndovu, mbuzi, deni na majuto katika mistari minne! Asiyejua kuandika amwambie mtoto aliyetoka shule. Watoto hupenda sana kazi hiyo, tena hawatakuruhusu kuruka jambo.

Sisi Wakatoliki jambo hili si geni. Mtakatifu Ignasio wa Loyola, katika karne ya 16, aliwafundisha wenzake kuitazama siku yao kabla ya kulala, saa kwa saa, na alianza na kushukuru kabla ya kuhesabu makosa. Mwaona utaratibu wake? Sisi wengi twaanza na makosa, twachoka, twalala. Katika daftari letu ile mvua ya dakika tano ilikaribia kuachwa, kwa kuwa haikusaidia shamba la mtu yeyote. Tunafurahi haikuachwa.

Namna ya kuandika ni nyepesi. Weka tarehe na saa. Idadi andika kwa tarakimu, maana "wengi" si idadi. Andika siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho utakuwa umeshaitengeneza. Na kilichokwenda kombo usikipake rangi. Hatuombi kila siku. Nani ana nafasi hiyo? Twaomba tarehe 12 tu, kila mwezi, nyumba tano katika kila Jumuiya. Wanaopakana na mbuga waongeze mstari mmoja wa wanyama kila asubuhi, hata kama ni kuandika "hawakuja."

Madaftari yako mezani pale kwa Sista, yana kurasa 48. Tulihesabu watu 60 na mmekuja zaidi, kwa hiyo wa Jumuiya moja wagawane, wakate katikati, kisu kipo. Kalamu hazikufika, zimebaki katika gari la Mwatate. Tarehe 12 itakuwa Jumamosi, siku ya kufua, na labda bomba litakuwa kavu. Andikeni hivyo hivyo.