Sindano Ikishatumika Inakwenda Wapi?

Fungueni daftari zenu mwandike neno moja: SINDANO. Si-nda-no. Hilo ndilo neno letu la leo.

Nyote mmepata kuchomwa sindano. Mtu wa Kariakoo akiugua huenda Mnazi Mmoja, au Amana kule Ilala, au akapelekwa Muhimbili. Huchomwa sindano, akashusha mkono wa shati, akarudi zake sokoni. Je, ile sindano imekwenda wapi? Ni wachache wanaouliza.

Mimi nilifundishwa kuuliza na mama mmoja mfagiaji. Hospitali aliyofanya kazi sitaitaja. Asubuhi moja aliinua mfuko wa taka, akauegemeza mguuni kama tufanyavyo sote tukibeba kitu kizito. Mle ndani, pamoja na maganda ya machungwa, mlikuwa na sindano. Ikamchoma pajani. Aliyeitumia alikuwa nyumbani kwake amelala. Yule mama alinyamaza, akiogopa kulaumiwa. Alisema siku ya tano, na dawa za kukinga virusi vya Ukimwi hazifai kitu zikianzwa baada ya saa 72. Vipimo vyake vilitoka salama, namshukuru Mungu, lakini miezi ile ya kungojea ilimkondesha.

Sasa tazameni. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila sehemu 100 za taka za hospitali, 85 hivi ni taka za kawaida: karatasi, maboksi, mabaki ya chakula. Zenye hatari ni 15 tu. Lakini ukizichanganya, zote 100 zimekuwa za hatari. Muuza nyanya wa Kariakoo hahitaji kufundishwa jambo hili. Yeye hangoji jioni, tenga likiwa limekwisha kulowa, ndipo achague nyanya zilizooza. Huchagua asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe.

Na hospitali ni hivyo hivyo. Taka hutengwa pale pale inapotoka, na yule yule aliyekitumia kitu. Mfuko wa bluu au mweusi ni wa taka za kawaida. Wa njano ni wa taka za kuambukiza, kama bandeji na pamba zenye damu. Mwekundu ni wa zile za kuambukiza zaidi, na kondo la nyuma la mzazi lina shimo lake maalumu. Sindano haiingii katika mfuko wo wote, maana itautoboa. Inatiwa katika boksi gumu, boksi la usalama, mara tu inapotoka mwilini mwa mgonjwa. Haivikwi tena kifuniko chake. Hapo ndipo wauguzi wengi hujichoma vidole. Boksi likijaa robo tatu hufungwa, wala halishindiliwi.

Baadaye taka hizo huchomwa katika tanuri lenye moto mkali, wa digrii 850 au zaidi, na majivu yakafukiwa. Hospitali nyingine hutumia mashine ya mvuke, ambayo huua vijidudu kwa digrii 121 au zaidi bila kutoa moshi. Mimi naipenda zaidi njia hii ya pili, kwa sababu jirani wa hospitali naye ana mapafu.

Kosa likifanyika wodini, taka hupanda gari pamoja na za mtaani, zikaishia jalala la Pugu Kinyamwezi, mahali ambapo watu huokota plastiki ili wapate riziki. Na sindano chafu si jambo dogo. Kwa mwaka 2000 peke yake, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kudungwa kwa sindano zilizokwisha tumika kuliwaambukiza watu milioni 21 homa ya ini ya aina ya B, na watu 260,000 virusi vya Ukimwi.

Wewe usiyefanya kazi hospitalini usizime redio. Nyumba nyingi za Kariakoo zina vyumba vingi na pipa moja la taka uani. Kama chumba kimoja kina mgonjwa wa kisukari anayejidunga mwenyewe, sindano zake zinakwenda wapi? Na azitie katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, aiweke mbali na watoto, kisha aulize kliniki yake mahali pa kuipeleka.

Ukichomwa, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usinyonye. Kisha kimbilia kwa mganga saa ile ile, ukaseme. Kusema si kujishtaki.

Mwalimu, sasa andika ubaoni: HATARI. TAKA. DAMU. NJANO. NYEKUNDU. Kila mwanafunzi asome kwa sauti. Kisha jibizaneni: katika uwa wa nyumba yako, nani huinua pipa la taka, na hulishika vipi? Juma lijalo, saa kama hii, tutasoma juu ya maji ya kunywa. Kwaherini.