Njia Mbili Ziendazo Mguuni

Nimepewa dakika chache kueleza jinsi mishipa ya fahamu inavyofanya kazi. Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali upande wa kilimo, na muhogo ndio ulionirudisha kwenye somo hili.

Ukitaka kuunyanyua mguu, amri hupita vituo viwili. Seli ya kwanza iko ubongoni. Uzi wake hushuka ndani ya uti wa mgongo. Huko hukabidhi ujumbe kwa seli ya pili, ambayo uzi wake hutoka kwenda msulini. Katika nyuzi zenye kasi kubwa ujumbe huweza kwenda kama mita 100 kwa sekunde moja.

Polio huua seli ya pili. Msuli, ukikosa mjumbe wake, hulegea na kunyauka. Basi wengi hudhani kila kupooza ni kulegea. Sivyo. Ikidhurika seli ya kwanza, mguu hukakamaa, maana ubongo hauamrishi tu, huzuia pia. Daktari akigonga chini ya goti, mguu wa kawaida huruka kidogo. Uti wa mgongo umejibu wenyewe pasipo kungoja ubongo. Kizuizi cha juu kikikosekana, huruka kwa nguvu.

Ndivyo ilivyo katika ugonjwa wa konzo. Jina hilo ni la Kiyaka, kutoka Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938. Kwetu ulizuka wilayani Tarime mwaka 1985, baada ya ukame. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, ambayo akina mama huiondoa kwa kuuvundika na kuukausha kwa siku kadhaa. Njaa ilipobana (ofisini tunaiita upungufu wa chakula, neno la upole mno) siku zile zikafupishwa. Msiwalaumu, watoto walikuwa wakilia. Na vyakula vya kujenga mwili, vyenye salfa inayousaidia mwili kuvunja makali ya sumu hiyo, vilikuwa haba. Mtu, mara nyingi mtoto au mama wa umri wa kuzaa, aliweza kulala mzima akaamka miguu imekakamaa. Akili timamu, lakini miguu ile hairudi tena kama zamani.

Howard Bradbury na wenzake wa Canberra, Australia, walibuni njia rahisi ya kuongezea ile ya kwetu. Loweka unga wa muhogo kwa maji, utandaze uwe tabaka jembamba, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu itoke hewani. Kisha songa ugali siku hiyohiyo. Karatasi ya maelezo nimemwachia mwalimu wa kilimo. Ninyi ambao kwenu hulimwa muhogo mchungu, inakilini kabla ya likizo.