Faili Liko Wapi, na Ni la Nani: Mada kwa Wanaoanza Kutumia Terminali

Jumbe mbili za terminali humkwamisha anayeanza kuliko nyingine zote. “No such file or directory” humwambia kwamba faili halipo pale alipolitafuta. “Permission denied” humwambia kwamba yeye hana ruhusa ya kulifikia au kulitumia. Shida hizi hazina undugu, lakini wengi huzikabili kwa amri moja, sudo, na hapo ndipo kazi huharibika.

Ichukuliwe kompyuta yenye Ubuntu katika ofisi ya mnunuzi wa dhahabu Katoro, mkoani Geita. Karani huandika kila siku gramu zilizonunuliwa, bei na mrabaha katika faili la /home/karani/Nyaraka/mauzo.csv. Mhasibu ana akaunti yake kwenye mashine hiyohiyo.

Windows huipa kila diski herufi. Linux hufuata utaratibu wa Unix, ulioanzia Bell Labs mwaka 1969: kila kitu kiko chini ya mzizi mmoja, unaoandikwa kwa mkwaju, /. Hata flashi ikichomekwa hutokea ndani ya /media/karani. Anayeitafuta E: atatafuta mpaka achoke. Njia inayoanza na mkwaju ni kamili na hufanya kazi popote. Isiyoanza nao huhesabiwa kuanzia folda aliyomo mtumiaji. Ndiyo maana cat mauzo.csv hufungua faili akiwa ndani ya Nyaraka, na hugoma akiwa /home/karani, ingawa faili halijahama. Amri ya pwd huonyesha folda aliyomo, ls huorodhesha yaliyomo, na cd humhamisha. Mauzo.csv na mauzo.csv ni mafaili mawili tofauti. Jina lenye nafasi, kama mauzo ya Machi.csv, husomwa kama majina matatu lisipofungwa kwa alama za kunukuu. Kitufe cha Tab hukamilisha majina chenyewe. Asiyekizoea mapema hujitafutia taabu.

Ruhusa huonekana kwa ls -l. Mstari unaoanza na -rw-r--r-- una, baada ya kistari cha kwanza, herufi tatu za mwenye faili, tatu za kundi lake, na tatu za watu wengine: r ni kusoma, w ni kuandika, x ni kuendesha programu au, kwa folda, kuingia. Mchimbaji mdogo hatashangaa: mwenye duara, vijana wake na mpita njia hawana haki sawa juu ya shimo moja. Kwa mstari huo, mhasibu angepaswa kuweza kusoma mauzo, lakini hukataliwa. Sababu ni kwamba ruhusa hukaguliwa katika kila folda ya njia nzima, na tangu Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya hufungwa kwa wengine.

Sudo humpa mtumiaji, kwa amri moja, mamlaka ya root, msimamizi asiyezuiwa na ruhusa hizo. Nywila inayoombwa huenda isionekane inapoandikwa; kibodi haijaharibika. Amri hii inafaa kusakinisha programu au kubadili mipangilio ndani ya /etc. Haitafuti faili lililopotea. Karani aliyesimama /home/karani akiandika sudo nano mauzo.csv hufunguliwa ukurasa mtupu katika nano, kihariri cha maandishi. Akiuhifadhi, huzaliwa mauzo.csv la pili, mali ya root. Kesho yake akitaka kuongeza gramu bila sudo, hukataliwa kuandika, na sasa kosa la mahali limezaa kosa la ruhusa. Dawa ni kukagua kwa pwd na ls -l, kunakili mistari mipya kwenye faili la Nyaraka, kisha kulifuta lile la pili. Folda ni ya karani, hivyo rm humwuliza tu kama ana hakika. Kama faili lenyewe ndilo lililogeuka mali ya root, hurejeshwa kwa sudo chown karani:karani mauzo.csv. Ushauri wa chmod 777 unaosambazwa na mafundi wa haraka haufai kwa hesabu za dhahabu: yeyote mwenye akaunti anayeweza kulifikia faili ataweza kubadili gramu.

Hitaji la mhasibu, kwa upande wake, ni kazi halali ya msimamizi. Huundwa kundi kwa sudo groupadd ofisi, karani na mhasibu huongezwa kwa sudo usermod -aG ofisi, likifuatiwa na jina la kila mmoja, na folda ya pamoja hutengenezwa kwa sudo mkdir /srv/mauzo. Hukabidhiwa kundi kwa sudo chgrp ofisi /srv/mauzo, kisha sudo chmod 2770 /srv/mauzo huwafungia nje wengine. Ile 2 ya mwanzo hufanya kila faili jipya humo liwe la kundi la ofisi. Wote wawili hutoka kwenye akaunti zao na kuingia upya, kwani uanachama wa kundi husomwa wakati wa kuingia.