Moyo wa Kijana Wako

Katika watoto 100 wanaozaliwa, karibu 1 moyo wake hauko sawa. Mara nyingi uko na kitundu ndani. Wengine wanakomaa hivyo bila mtu kujua.

Kila mama aangalie kijana wake, zaidi binti. Akipanda na maji kutoka ziwani mpaka Kadutu, anachutama njiani kutafuta pumzi, wenzake wanapita? Midomo na kucha zinageuka rangi ya buluu? Musiseme ni uvivu, wala ulozi! Mumulete, muganga asikilize moyo.

Maana akibeba mimba, damu yake itaongezeka karibu nusu, na moyo ule utachoka sana. Amuone muganga mbele ya mimba, asingoje siku ya kuzaa.