*SAUTI YA MTAA NDIYO NGUVU YA TAWI*

_Hotuba ya Katibu wa Tawi kwenye baraza la wanachama, Lamu. Inatumwa kwa wote ambao hawakuweza kufika._

 

Nina mambo manne: haki, mazingira, muziki na sadaka. Nitajaribu kuwa mfupi.

*1. HAKI*
Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inaweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa msingi wa utawala. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 37 kinamruhusu kukusanyika kwa amani, bila silaha, na kupeleka malalamiko yake. Hakuna anayetufanyia hisani kwa kutusikiliza.

Hapa Lamu tumeyaona matunda yake. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba ujenzi wa bandari ulikiuka haki za wakazi, zikiwemo haki ya kupewa habari na haki ya utamaduni wao. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi ile ilianza na watu wa hapa hapa, walioketi barazani wakakataa kunyamaza.

Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa Kwasasi. Sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, ndiyo, lakini watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuisoma ripoti ya athari na kuijibu.

Wenzangu, shikeni hapo. Kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio na kunywa soda si kutoa maoni. Ukienda kikaoni, omba hati mapema. Ukiwa na hoja, iandike, ipeleke, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

*2. MAZINGIRA*
Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti yetu. Samaki na kamba huzalia kwenye mizizi yake, na nyumba zetu zimeezekwa kwa boriti zake. Mkata boriti na mvuvi si maadui. Wote wawili mkoko ukiisha wamekwisha. Kwa hiyo msimamo wa tawi ni huu: hifadhi iende pamoja na riziki. Anayekuja kutufundisha kupanda miche aanze kwa kuwauliza wakataji na wavuvi ni wapi mche hushika na wapi husombwa na maji.

*3. MUZIKI*
Mji huu ndio uliomlea Zein l'Abdin, gwiji wa udi. Matwari ya Maulidi yanajulikana mbali. Lakini siasa zikija, kikundi cha ngoma huitwa saa mbili asubuhi, kikapigishwa jua hadi alasiri, kisha kikaambiwa "tutaonana". Kuanzia leo tawi hili halitaita kikundi chochote bila kukubaliana malipo, na malipo yatolewe kabla ya kupanda jukwaani. Tena msanii asilazimishwe kutusifu. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu, hata akiimba kutukosoa.

*4. SADAKA*
Hapa najua wengine hawatafurahi. Mfuko wetu wa wagonjwa na mayatima utaendelea, lakini unga hautatiwa nembo ya chama, na mwenye kupokea hatapigwa picha. Hatutauliza mtu kadi ya uanachama kabla ya kumsaidia. Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue.

Wapo watakaosema, "Basi kura tutapataje?" Jibu langu ni kwamba dawa zikikosekana zahanati, mchango wetu unamfaa mgonjwa mmoja kwa wiki moja. Bajeti ya kaunti ikitengewa dawa, inawafaa wote. Sadaka inaziba pengo, haki ndiyo inayojenga ukuta. Chama kinachogawa unga kisha kikakosa kwenye kikao cha bajeti kimewauza watu wake kwa bei ya chini.

*TUNAOMBA NINI?*
Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Kabla ya hapo:

✅ Kila mtaa uchague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wakusanye hoja.
✅ Wavuvi, wakata boriti na wasanii walete hoja zao wenyewe, si kupitia kwetu.
✅ Hoja ziletwe afisi ya tawi kwa maandishi. Asiyejua kuandika aje, ataandikiwa na atasomewa.

Haba na haba hujaza kibaba.

*Katibu wa Tawi*
_Tafadhali mtumie na jirani yako, hata kama si wa chama chetu._