Bima ya Paneli za Sola: Tutunze Tulichopewa



Umeme wa jua umefika katika zahanati, shule na nyumba za sharika zetu nyingi. Akina mama wanajifungua penye mwanga na chanjo zinakaa kwenye baridi. Lakini radi moja, au wezi wa usiku mmoja, waweza kuturudisha kwenye chemli. Naye mfadhili aliyetoa paneli mara moja, si haki kumwomba azitoe tena.

Wengi husema, "Jengo letu lina bima." Vema, ila isomeni hati yenyewe. Bima ya moto kwa kawaida hulipa hasara ya moto na radi. Wizi una bima yake, na mara nyingi kampuni hudai dalili za kuvunja na kuingia. Paneli iko juu ya paa. Anayeiiba havunji mlango. Ombeni paneli, betri na inveta ziorodheshwe pamoja na namba zake, na wizi wa vitu vilivyo nje ya jengo utajwe kwa maandishi.

Pili, thamani. Mtambo wa shilingi milioni 12 mkiukatia bima ya milioni 6, mmekinga nusu tu. Ikitokea hasara ya milioni 4, kwa kanuni ya uwiano mtalipwa milioni 2. Andikeni gharama ya kuununua leo, pamoja na usafiri na fundi.

Tatu, dhamana ya kiwanda si bima. Dhamana hushughulikia ubovu wa kifaa, haihusiki na mwizi. Bima nayo hailipi betri iliyochoka kwa umri.

Nne, hakikisheni kampuni na wakala wana leseni ya TIRA, na ada ilipwe kwa wakati. Stakabadhi na picha za mtambo zitunzwe mbali na jengo.

Wapo wasemao kukata bima ni kukosa imani. Mbona kanisa tunalifunga kwa kufuli kila jioni? Huo ni uwakili.

Basi naomba mambo mawili. Kamati, ingizeni ada ya bima katika bajeti ya kila mwaka, kama mnavyoingiza posho ya mlinzi. Wafadhili, msipitishe andiko la mradi wa sola lisilo na fungu hilo. Afadhali mtambo mdogo wenye kinga kuliko mkubwa usio nayo.