Kabla Hujampandisha Sungura Kibete

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata, baada ya taarifa ya huduma za ugani wa mifugo.)

  

Mmezoea kunisikia nikizungumzia maji, barabara na chanjo. Leo, kwa kuwa Afisa Mifugo amemaliza taarifa yake kuhusu ng'ombe, mbuzi na kuku, naomba dakika chache nimzungumzie mnyama ambaye hakutajwa, na ambaye sasa yumo katika nyumba kadhaa za Bukoba na Muleba kwa ajili ya watoto wetu. Huyo ni sungura kibete.

Mimi si daktari wa mifugo. Ninayoyasema nimejifunza kwa wataalamu, na jambo moja nimejifunza kwa hasara, nami nitawaeleza bila kulipamba.

Kwanza tumtambue. Sungura wa hadithi tulizosimuliwa jikoni na bibi zetu ni yule wa porini, mwenye mbio na hila, ambaye vitoto vyake huzaliwa vikiwa na manyoya na macho yaliyofumbuka. Huyu wa bandani ni mwingine. Asili yake ni Ulaya, na vitoto vyake huzaliwa uchi, vipofu, visivyoweza kujikinga na baridi. Miongoni mwa hao wa bandani kuna wakubwa wa nyama, kama New Zealand White, ambao hufikia kilo nne hata tano. Na kuna vibete, ambao aina yao ijulikanayo zaidi iliendelezwa nchini Uholanzi katika karne ya 20. Mkubwa wao huwa na uzito wa karibu kilo moja tu. Uso wake ni wa duara, masikio mafupi, na hata akizeeka huonekana kama mtoto. Hapo ndipo watoto wetu hunasa.

Kumfuga mmoja vizuri si kazi ngumu, ila ni kazi ya kila siku. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo chakula chake kikuu lazima kiwe nyasi, ambazo humfanya atafune kwa saa nyingi na kuyapunguza. Huku kwetu nyasi hazina uhaba: ziko za rweya, na wazee wanajua zipi ni laini. Tatizo letu ni mvua. Nyasi zilizokatwa asubuhi zikiwa na umande au matope zinaweza kumjaza tumbo gesi, na sungura hana uwezo wa kutapika. Zikaushwe kwanza mahali penye kivuli na hewa. Majani ya viazi vitamu anayapenda, na apewe kwa kiasi. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo na ya mparachichi asipewe kabisa, maana yana sumu kwake. Nalisisitiza la mparachichi kwa sababu mti huo umo karibu katika kila kibanja chetu, na mtoto akitumwa kuchuma majani huchuma yaliyo karibu.

Banda liinuliwe kutoka ardhini, liwe na paa lisilovuja na sakafu kavu, kwa kuwa unyevu huleta vidonda vya miguu na maradhi ya kuhara. Miguu ya banda isimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Anayejua siafu wa msimu wa mvua hahitaji kuelezwa sababu. Samadi yake, ingawa ni kidogo, msiitupe. Migomba inaipokea vizuri.

Ndugu wananchi, hadi hapo hakuna mgogoro. Mgogoro huanza siku mtu anaposema: "Huyu mnyama yuko peke yake, tumtafutie mwenzake azae."

Nilisema nitawaeleza hasara yangu. Mwanangu aliletewa sungura kibete jike kutoka Mwanza, ndani ya kikapu, kwa meli. Alimtunza vizuri kuliko anavyotunza madaftari yake. Baada ya miezi kadhaa alianza kuniambia kwamba mnyama ana upweke. Mimi niliona jambo jema, tena niliwaza kwamba vitoto viwili vitatu tungeweza kuviuza. Jirani alikuwa na dume la aina ya nyama, kubwa, lenye afya. Nikaliazima jioni moja. Tendo lenyewe halikuchukua hata dakika moja. Sikumwuliza mtu.

Siku ya 31 sungura alianza kunyonyoa manyoya yake ya kifuani na kutengeneza kiota, tukafurahi. Usiku alihangaika. Asubuhi alikuwa amelala ubavu, akisukuma bila mafanikio. Simu nilikuwa nayo, na namba ya Afisa Mifugo nilikuwa nayo, kwa kuwa ni mwenzangu kazini. Sikumpigia. Nilijiambia: nitamsumbuaje mtumishi kwa ajili ya sungura? Alasiri alikufa, na vitoto ndani. Baadaye mtaalamu alinieleza kwa upole kile ambacho ningeelezwa bure kabla: kitoto chenye damu ya dume kubwa kilikuwa kikubwa kuliko njia ya mama yake.

Mwanangu hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani ulikuwa hujui?" Na jibu lilikuwa kwamba sikujua kwa sababu sikuuliza. Ndiyo maana leo nimesimama hapa.

Basi mwenye sungura kibete jike asimpandishe kwa dume kubwa. Hilo ni la kwanza, na halina mjadala.

Mtu atasema: kumbe suluhisho ni kumtafutia dume kibete mwenzake. Hapo nako kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Udogo wa kibete ni wa kurithi. Kila kitoto hupokea jeni moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kibete halisi anayo jeni moja ya udogo na moja ya kawaida. Ukiwapandisha vibete wawili wa namna hiyo, kwa wastani, katika kila vitoto vinne, viwili vitakuwa vibete kama wazazi, kimoja kitakuwa na umbo la kawaida, na kimoja kitapokea udogo kutoka pande zote mbili. Hicho cha mwisho hakiishi. Huzaliwa kidogo mno, kichwa kikubwa kuliko mwili, na hufa baada ya siku chache. Hakuna dawa wala maziwa ya kukiokoa. Uzao wa kibete wenyewe ni mdogo, mara nyingi vitoto viwili hadi vinne. Anayeamua kuwapandisha vibete wawili ajue kwamba amekubali kufukua mashimo madogo nyuma ya nyumba, na kwamba mtoto wake atayaona.

Halafu kuna hesabu ya wale wanaoishi. Mimba ya sungura ni ya siku 31 hivi. Jike hana msimu; yai hutoka baada ya kupandwa, kwa hiyo karibu siku yoyote anaweza kushika mimba. Anaweza kushika nyingine ndani ya siku moja baada ya kuzaa, ikiwa dume bado yumo bandani. Kibete hukomaa akiwa na miezi minne au mitano, na ndugu wa tumbo moja hawajui kwamba ni ndugu. Wasipotenganishwa mapema, kufikia mwezi wa tatu, huzaana wenyewe. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa sungura, mjukuu huja kabla mwaka haujaisha.

Hesabu hiyo si ya mzaha. Mwaka 1859 nchini Australia, mwenye shamba mmoja wa jimbo la Victoria aliachia sungura wachache wa Ulaya apate kuwinda. Wazao wao walienea sehemu kubwa ya bara lile na kula malisho na mazao, na hadi leo serikali ya huko inapambana nao. Sisemi kwamba Kagera itakuwa hivyo. Mbwa, paka, mwewe na kicheche wa huku wasingekubali. Nasema tu kwamba sungura hatumwi na mtu kuongezeka, na anayepaswa kuweka kikomo ni mwenye banda.

Yupo pia anayesema atafanya biashara. Biashara ya sungura si haramu, na nyama yake ni nzuri. Lakini afugaye kwa ajili ya nyama achague aina kubwa, na kibete amwachie mtoto. Kibete hajazi sufuria. Na kabla ya kununua sungura wa mbegu kwa bei kubwa, aulize mnunuzi wa wazao ni nani, yuko wapi, na anashika fedha mkononi au ahadi mdomoni. Majirani zetu wa Kenya wamepitia hilo: wapo wafugaji waliouziwa mbegu kwa ahadi kwamba kila kitoto kitanunuliwa, kisha mabanda yakajaa na mnunuzi asionekane.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kumpandisha sungura wa nyumbani, naomba kila kaya ijiulize maswali matatu, na iyajibu kwa sauti mbele ya watoto. La kwanza: tunamzalisha kwa ajili ya nani? Ikiwa jibu ni "ili asiwe mpweke," basi kuzaa si dawa ya upweke. Majike wawili waliokua pamoja tangu utotoni mara nyingi huishi kwa amani. Madume wawili waliokomaa hupigana hadi kujeruhiana. La pili: mama ana umri, afya na umbo la kuhimili, na dume si kubwa kumzidi? La tatu: kila kitoto kitakwenda kwa nani? Nataka majina ya watu waliokwisha kukubali. "Watapatikana tu" halimlishi sungura.

Swali moja likikosa jibu, jibu la jumla ni hapana. Na "hapana" hiyo si ukatili. Sungura jike asiyezaa haumwi kwa sababu hajazaa. Atalala, atakula, ataruka uani, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka minane au zaidi, yaani mtoto wa darasa la kwanza atamaliza shule ya msingi akiwa naye.

Na kwa yule aliyejibu maswali yote matatu na kuamua ndiyo, ushauri wa wataalamu ni huu. Jike apelekwe kwenye banda la dume, si dume kwa jike, maana jike hulinda kwake na anaweza kumng'ata mgeni. Tarehe iandikwe ukutani. Siku ya 28 awekewe sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu. Akishazaa, msishtuke mkiona hakai na vitoto: sungura hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, kisha huondoka. Kagueni matumbo ya vitoto. Yakiwa yamejaa, mama anafanya kazi yake. Zibeni matundu yote ya panya. Vitoto visiachishwe kabla ya wiki ya sita. Na jike akisukuma kwa muda mrefu bila kitoto kutoka, msifanye kama nilivyofanya mimi. Pigeni simu saa ileile.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze na kumkinga na mateso yasiyo ya lazima, na haikuandikwa kwa ajili ya ng'ombe peke yake. Afisa Mifugo wa kata yenu ni mtumishi wa mnyama mdogo kama alivyo wa mkubwa. Mkimkosa, ulizeni katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata. Ushauri hautozwi fedha, na swali lenu si dogo kiasi cha kumsumbua mtu. Mimi nililiona dogo, nikalilipia.

Nyumbani kwangu banda lilikaa tupu karibu mwaka mzima. Sasa lina sungura mmoja, jike, ambaye mwanangu ameamua mwenyewe kwamba hatazaa. Nilipomwuliza sababu, alisema anamtosha.